Tumelipia

Saa kumi na moja alfajiri Tuncay alishuka ufukweni
kutandika taulo zetu kwenye viti vya kulalia,
vitano, safu ya mbele, kabla Warusi hawajaamka.
Alirudi na mchanga kwenye ndala,
anatabasamu kama mtu aliyerithi shamba.
"Tumelipia," alisema, akajitupa kitandani.

Miaka mitatu ya kusambaza mikate Çorum,
theluji ikipiga kioo cha gari,
tulidondosha lira kwenye kopo la zeituni
mpaka kopo likageuka siku tano
za hoteli yenye nguzo za marumaru, pande za Belek,
na bangili ya plastiki ya buluu kwa kila mkono,
isiyovuka hata kwa sabuni.

Bangili ndiyo iliyotutia wazimu.
Ukiwa nayo, aiskrimu ni bure mpaka saa sita za usiku;
Alpay akala saba, akazirudisha zote kwenye lifti.
Tuncay akapiga hesabu kwa kalamu ya hoteli:
chai ishirini kwa siku, tumeokoa hiki;
bwawa la mawimbi, la maji moto, la kuteleza,
na mtoto mdogo, Ilgın, analilia usingizi,
"Atalala nyumbani. Kulala nyumbani ni bure."
Tulistarehe kama watu wanaofukuzwa.

Mama mkwe, Döndü, hakunung'unika.
Alikaa kiti cha tatu, soksi miguuni, mkoba mapajani,
ndani ya mkoba mayai manne ya kuchemsha
aliyoyachukua mezani asubuhi, ya akiba,
kwani ajuaye kesho ni nani?
Bahari aliitazama mara moja.
"Kubwa," alisema.
Akarudi kwenye tasbihi yake.

Siku ya tatu akapotea.
Tulimtafuta mabwawani, msalani, kwenye chumba cha mvuke;
Tuncay alimfokea kijana wa mapokezi
kwa sauti ya mtu aliyelipia.
Kumbe yupo nyuma ya meza za chakula,
pembeni, kwenye zulia,
pale hoteli inapomweka mwanamke wa kijijini
mwenye suruali ya maua na kitambaa cheupe
asukume mkate mwembamba, autie mchicha na jibini,
wageni wamwone na kumpiga picha.

Mwanamke wa hoteli, Gülsüm, alikuwa ameegemea ukuta
amenyoosha miguu, anakunywa chai.
Aliyekuwa akisukuma ni Döndü.
Mikono ya gauni ameikunja, soksi amezivua,
donge linatandazika chini ya mti wake
mpaka mikwaruzo ya kibao inaonekana upande wa pili.
Foleni imefika kwenye matikiti.
Mjerumani mmoja alimwekea sarafu gotini.

"Mama!" Tuncay alinong'ona, masikio yamemwiva.
"Tumelipia upumzike!"
Hakuinua kichwa.
"Wewe umelipia. Mimi napumzika.
Gülsüm mgongo unamuuma tangu Mei. Lete jibini."

Akaleta.
Mume wangu, mbeba mikate elfu kwa siku,
yote imepoa, yote ya watu wengine,
alipewa wa kwanza kutoka chumani,
akaula amesimama, siagi ikimchuruzika
hadi kwenye bangili.
Hakusema ni bei gani.

Vile viti vitano vilishinda vitupu.
Jioni familia moja ya Kirusi ilivikalia,
nasi tukawaangalia tu.
Ilgın alilala chini ya mwavuli saa tatu nzima.
Na nikawaona, yeye na Gülsüm,
zamu imekwisha, suruali zimekunjwa magotini,
wameshikana mikono ndani ya maji
wanamenya mayai.

Sasa ni Januari, Çorum, mabomba yameganda.
Bangili zetu tulizikata siku ile ile tuliyorudi.
Ya Döndü bado ipo. Anatawadha nayo,
anakanda unga nayo.
Ukimwuliza, anasema imekataa kutoka.
Mkasi uko kwenye droo ya jikoni,
na droo haina ufunguo.